Mafuta ya Nazi Niliyowafunza Mabiharusi

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa somo hapa Likoni. Asiyeijua kazi hii, somo ni mwanamke anayekaa na biharusi chumbani siku chache kabla ya harusi, mlango umefungwa, akamfunza mambo ya unyumba ambayo mamake anaona haya kumwambia. Nilikuwa na sifa. Watu walivuka kutoka ng'ambo ya kivuko kuja kunichukua. Nikiingia nyumba ya harusi wanawake walinipisha, na mimi nilipita nimeinua kidevu kama hakimu. Hakuna swali lililonishinda, maana nililokuwa silijui nililijibu kwa sauti kubwa zaidi.

Silaha yangu ilikuwa mafuta ya nazi. Nilikuna nazi mwenyewe, nikayapika mwenyewe, nikayaacha yapoe na maua ya asumini ndani yake, nikayatia katika chupa ndogo. Kila biharusi alipata yake. Akiniambia anaogopa kuumia, mafuta. Akiniambia ngozi yake kavu, mafuta. Na akiniuliza juu ya mipira, maana siku hizi wengi hutaka kukaa kidogo kabla ya kuzaa, nilimjibu bila kupepesa jicho: "Mpira ukikwaruza, mwanangu, paka mafuta juu yake. Hutasikia kitu." Aliyekuwa mwoga zaidi nilimwambia mumewe avae miwili, mmoja juu ya mwingine, kama mtu avaavyo soksi mbili siku ya baridi. Baridi hiyo sijui niliiona wapi, mimi niliyezaliwa Mtongwe.

Na mpira wenyewe sikuwahi kuutumia hata siku moja. Na marehemu mume wangu tuliishi miaka ishirini na sita, tukazaa wanne, na mipira tuliyoijua ni ile iliyovunja vioo vya jirani. Alipofariki nilikaa eda, nikatoka eda, nikaendelea kuwafunza wenzangu mapenzi huku mwenyewe nalala na mto.

Nilipofika miaka hamsini na tatu akaja huyu bwana. Ni mgane, alikuwa akiendesha kreni bandarini hadi alipostaafu, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa dada yangu. Ni mtu wa maneno machache. Alinikuta barazani kwa dada siku moja baada ya alasiri, akasalimu, akaketi, akasema anataka kunioa. Kabla sijafungua mdomo akatoa kadi ya hospitali mfukoni.

"Soma hii kwanza," akasema. "Kisha unijibu."

Miwani yangu ilikuwa nyumbani. Sikuona hata herufi moja. Lakini somo hawezi kusema haoni, kwa hiyo niliitazama ile kadi, nikaigeuza nyuma, nikatikisa kichwa polepole kwa hekima kubwa, nikamrudishia.

"Hakuna neno," nikasema. "Haya ni mambo ya kawaida kwa watu wa umri wetu."

Nilidhani ni sukari. Au presha.

Akaipokea. Machozi yakamlenga. Kisha akaniambia kwamba tangu agundue, hakuna mtu aliyempokea vile, na kwamba dada zake wawili hadi leo wanamtengea kikombe chake. Hapo nikajua kwamba si sukari. Ilinibidi niseme ukweli, na wallahi sijapata kuona aibu kama ile.

"Bwana," nikasema, "sikusoma. Sina miwani."

Akacheka, huku bado machozi yako pale pale. Kisha akanisomea mwenyewe, kwa mdomo wake: anaishi na virusi vya ukimwi, ameanza dawa miezi minne iliyopita, na daktari amemwambia akinywa dawa zake vizuri ataishi kama watu wengine, lakini hadi vipimo vionyeshe kwamba virusi vimetulia, yeye na mke atakayemwoa ni lazima watumie mipira kila mara. Akairudisha kadi mfukoni. Nikamwambia anipe wiki moja. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikaona ninalia kwa sababu nimeshamkubali.

Tulifunga nikahi sebuleni kwa dada, watu kumi na wawili. Ameniruhusu kuyaandika haya kwa sharti nisitaje jina lake wala langu, na niseme kwamba biriani ya siku ile aliipika yeye. Dada yangu aliniuliza kwa kejeli, "Na wewe nani atakufunza?" Nikamwambia mwenye duka haendi dukani.

Mipira alikuja nayo yeye kutoka zahanati, boksi zima, pamoja na vipakiti vidogo vyenye kitu kizito kama ute wa bamia. Akaniambia ni vilainishi, vinakwenda na mipira. Nikafungua kimoja, nikakinusa. Hakina harufu. Nikakipaka mkononi. Hakina hadhi.

"Hivi ni vya watu wasio na somo," nikasema, nikavitia vyote katika pipa la taka. Nikaitoa chupa yangu.

Mara mbili za kwanza Mungu alitustiri. Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi mchana, baada ya kula. Hatukusikia kitu. Lakini tulipomaliza aliutazama ule mpira, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, nami nikaanza kuitafuta miwani.

"Umepasuka," akasema.

"Umepasuka wapi?"

"Uliza haukupasuka wapi."

Nilivaa miwani, nikaona. Ulikuwa umechanika kutoka juu hadi chini, kama leso iliyonaswa na msumari. Nikaanza kusema kwamba mipira ya bure ndivyo ilivyo, haina nguvu, serikali hununua ya bei rahisi. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshavaa kanzu.

"Vaa buibui, twende zahanati. Kuna dawa ya kuzuia, lakini ina saa zake. Zikipita saa sabini na mbili haisaidii."

"Twende kesho asubuhi, watu wakiwa wachache."

"Sasa."

"Mimi ni somo. Nitaingiaje mahali kama pale?"

"Kwa mlango," akasema.

Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha ushauri. Nilijifunika uso hadi nikawa sioni mbele, na nilipoitwa niliingia nikagonga meza. Muuguzi akainua kichwa.

"Shikamoo, somo!" akasema, kwa furaha na kwa sauti ambayo nadhani walioko barabarani waliisikia.

Alikuwa mmoja wa mabiharusi wangu. Miaka minane nyuma nilikuwa nimekaa naye chumbani kwao siku nne, nikamkaripia kwa kucheka wakati wa masomo. Sasa amevaa koti jeupe, na faili langu liko mkononi mwake.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Sauti yote iliyonipa umaarufu ilikuwa imebaki nje kwenye benchi.

Mume wangu akamweleza kilichotokea, kwa maneno machache kama kawaida yake. Yule binti akaandika. Kisha akanigeukia.

"Mlitumia kilainishi?"

"Tulitumia mafuta."

"Mafuta gani, somo?"

Nikatazama dari. "Yale."

"Yale yale?"

"Yale yale."

Akaweka kalamu chini. Akainua faili akajifunika uso, na mabega yakawa yanatikisika. Alipolishusha alikuwa amejikaza, lakini macho yalikuwa yamelowa.

"Nisamehe, somo. Mimi pia ulinipa chupa. Bahati yangu sisi tulikuwa tunataka mtoto."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alitoa mipira miwili kwenye droo, akaipuliza kama maputo, akaifunga. Mmoja akaupaka kilainishi cha maji. Wa pili akaupaka mafuta kidogo kutoka kichupa alichokuwa nacho mezani, akanipa mimi niusugue kwa kidole taratibu. Nikausugua. Nilisugua kwa kiburi, nikitaka kumwonyesha. Akawa ananiuliza habari za nyumbani, na kabla sijamaliza kumjibu, pu! Nikaruka kutoka kitini. Nje kwenye benchi mtu akasema, "Astaghfirullah."

Ule mwingine ulikuwa umekaa mezani, mzima.

Akanieleza polepole, vile mimi nilivyozoea kuwaeleza wao. Mafuta ya aina yoyote, ya nazi, ya kupikia, ya mgando, losheni, yote hula mpira wa kawaida na kuulegeza hata kama kwa macho huoni kitu. Kinachofaa ni kilainishi cha maji, au cha silikoni, na mwanamke wa umri wangu anakihitaji zaidi, si aibu, mwili hukauka ukifika pale, na ukavu nao hupasua mpira. Kuhusu miwili kwa pamoja akasema husuguana ikachanika. Hapo nikafumba macho. Nilikuwa nikihesabu nyuso za mabiharusi wangu.

Nikapimwa, nikaonekana sina virusi, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa siku ishirini na nane. Wakati wa kutoka akanitilia vipakiti kwenye bahasha. Mume wangu akaipokea yeye. Hakuniamini.

Vidonge vile vilinichafua tumbo wiki mbili za mwanzo. Asubuhi nilikuwa naegemea ukuta wa uani nikitapika, na ukuta wetu ni mfupi. Jirani yangu aliniona siku ya kwanza, akasema pole. Siku ya pili akatabasamu. Siku ya nne akaniletea ukwaju na vipande vya udongo wa kula, akaniambia, "Mashallah, mambo ya Mungu hayana umri." Ningemwambia nini? Siri haikuwa yangu peke yangu. Nikaula ukwaju. Jioni binti yangu mkubwa akapiga simu kutoka Changamwe.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Kwamba tunapata mdogo wetu."

Nilimjibu kwa ukali kwamba nina gesi. Kwa mwezi mzima, kila nilikopita, wanawake walilitazama tumbo langu kwanza kabla ya kunisalimu, na lilivyo, sikuweza kuwalaumu.

Lakini kilichoninyima raha ni zile nyuso. Nilikaa na kalamu nikaandika niliowakumbuka waliowahi kuniuliza juu ya mipira. Walikuwa kumi na mmoja. Mume wangu akanishauri nipige simu. Nilijaribu mmoja, nikasema "mafuta" mara tatu, yule mwanamke akadhani nauza, akaniambia atachukua lita mbili. Ikabidi niende kwa miguu.

Wengi walinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Wa kwanza aliniambia kwa upole kwamba alishajua, alisoma kwenye simu wiki ileile ya harusi, lakini hakutaka kunivunjia heshima. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu akaniambia chupa yangu huitumia kwa nywele, na zimekua. Nilianza kuelewa kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikifunza watu waliokuwa wakinistahi tu.

Mmoja hakuwa anajua. Anakaa Mtongwe, ana watoto watatu, na alikuwa akisonga ugali nilipomweleza. Aliacha mwiko ndani ya sufuria. Akamwangalia mtoto wake wa mwisho, mvulana mnene aliyekuwa akikokota kandambili ya babake sakafuni.

"Kumbe," akasema. "Na mimi nilimgombeza baba watoto mwaka mzima kwamba alifanya makusudi."

"Nisamehe, mwanangu."

Nikaona atanifukuza, na angekuwa na haki. Ugali ukaanza kuungua.

"Nikusamehe mimi?" akasema mwishowe. "Mngoje mwenyewe arudi kutoka kazini, umwombe yeye."

Nilimngoja. Aliporudi nikamwomba radhi mbele ya mkewe, mtu mzima mimi, nimesimama mlangoni na mkoba. Alinisikiliza hadi mwisho, akamgeukia mkewe akasema neno moja tu, "Umesikia?" Kisha akala ugali wake ulioungua kwa furaha ambayo sijaiona kwa mtu aliye mbele ya ugali.

Miezi mitatu baadaye nikapimwa tena. Sikuwa na virusi. Na kipimo cha mume wangu kikaonyesha kwamba vyake vimetulia kiasi cha kutoonekana. Yule muuguzi akatueleza kwamba akiendelea na dawa hivi na vipimo vikabaki hivi, hawezi kuniambukiza kwa njia ya kitandani, na kwamba sasa uamuzi wa mipira ni wetu. Tulitazamana. Tukasema tutaendelea nayo kwa sasa, yeye kwa sababu ni mwangalifu, mimi kwa sababu nilikuwa nimeanza kukipenda kile kilainishi kuliko nilivyotaka mtu ajue.

Nikarudi kazini. Biharusi wa kwanza baada ya hapo alikuwa msichana wa chuo, na bibi yake mzaa mama, mwanamke wa miaka themanini kasoro, alisisitiza kukaa ndani ya chumba kuhakikisha sifunzi mambo ya kisasa. Nikafunza. Nilipofika kwenye mipira nikasema wazi: mmoja tu, uangalie tarehe, usiweke mahali pa joto, na mafuta usiyaguse. Nikatoa kichupa cha kilainishi, nikaeleza. Nikasema pia kwamba niliyofunza zamani nilikosea. Nilisema nikikitazama kile kichupa.

Biharusi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Alikuwa ameshajua, nilimwona machoni.

Yule bibi ndiye aliyenyoosha mkono. Akachukua kichupa, akadondosha tone kwenye kidole, akalisugua kwa kidole gumba muda mrefu, uso umekunjwa.

"Hiki," akaniuliza, "huuzwa wapi?"