Maziwa Yaliyokuja Bila Mtoto

Salaam kwenu, mliopata viti na mliokaa mkekani. Naitwa Zaituni. Nashona mapazia hapa Mpumudde, na wengi wenu nayajua madirisha yenu kuliko ninavyozijua sura zenu. Mwenzetu aliyetukusanya leo hapa Jinja ameniambia niseme wazi, nisiruke sehemu yoyote ya mwili. Kwa hiyo baba yeyote atakayeona haya, chai iko nje.

Kabla ya kuugua nilikuwa mzima kabisa. Nilibeba marobota ya vitambaa mwenyewe. Siku za soko nilikwenda kuuza mapazia Nakaloke, kisha nikalala kwa mama mkwe, Mama Hadija, pale Nabuyonga, Mbale. Mume wangu Ramadhani ni fundi wa malori ya njia ya Kenya. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa bila mtoto, na sisi wenyewe hatukuwa na haraka sana. Waliohangaika ni watu wengine, kwa niaba yetu.

Kwanza hedhi ikaanza kuchelewa. Halafu ikaruka mwezi. Halafu ikaacha kabisa. Nikafurahi, nikanunua kipimo cha mimba. Kikasema hapana. Nikasema hawa wanauza vitu vibovu, nikanunua kingine duka la pili. Hapana. Duka la tatu muuza dawa alinitazama kwa huruma, akaniambia, "Dada, unaweza kubadilisha duka, lakini mkojo ni ule ule."

Kichwa nacho kikaanza kuuma, hapa nyuma ya macho. Hamu ya mambo ya chumbani ikanitoka. Ramadhani akinisogelea, mimi napiga miayo. Nikasema ni uchovu wa cherehani.

Ndipo yakaja maziwa.

Tulikuwa harusini Nabuyonga, kwa jirani wa mama mkwe. Nilivaa gauni la kijani linalometameta. Nimeinama kumpakulia mgeni pilau, nikahisi unyevu kifuani. Nikadhani jasho. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya sufuria. Akanitazama kifuani, akanitazama usoni, akarudi kifuani. Kulikuwa na madoa mawili, yamelingana kama yamepimwa kwa futi. Mama Hadija akapiga kigelegele.

Wanawake wengine wakadhani bibi harusi anatoka, nao wakapokea. Wapiga ngoma wakaanza. Bibi harusi alikuwa bado ndani anapambwa. Ikabidi atolewe hivyo hivyo, jicho moja lina wanja na la pili halina.

Mama mkwe akanivuta chumba cha nyuma. "Kwa nini umenificha mimba?"

"Mama, sina mimba. Nimepima mara tatu."

"Basi haya ni nini?"

Nikaminya ziwa kidogo. Likatoka tone jeupe, maziwa kabisa. Mama Hadija akakaa taratibu juu ya magodoro ya wageni. "Sasa haya ni ya nani?" akauliza. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Habari ilifika Jinja kabla yangu. Ilipofika ilikuwa imenenepa: Zaituni ana mtoto, amemficha mahali. Ramadhani alirudi kutoka kazini, akanawa mikono kwa muda mrefu, akakaa. "Zaituni," akasema, "kama kuna mtoto mahali, mlete. Tutamlea." Alisema kwa moyo safi. Nikacheka, halafu nikalia, na yeye maskini hakujua ashike lipi.

Nikaenda maabara moja ya mtaani, nikasema nataka kipimo cha uzazi. Wakanitoa damu. Siku ya majibu kijana wa pale akaniambia, "Mayai yako yamebaki machache kwa umri wako." Akavaa koti, akaenda kula. Nikabaki na ile sentensi peke yangu kwenye benchi. Nilijiona kama duka linalofungwa.

Ramadhani akamwambia mama yake kwa simu. Kesho yake basi la kutoka Mbale likaleta trei za mayai ya kienyeji, na amri: ya kuchemsha asubuhi, ya kukaanga jioni. Nilikula mayai mpaka kuku wa jirani wakawa wananikwepa.

Maziwa yaliendelea. Kichwa kiliendelea. Mwishoni tukaenda kwa daktari wa wanawake huko Mbale, mama mmoja wa kabila la Wamasaba. Nilikwenda na Ramadhani. Mama Hadija hakualikwa, lakini tulimkuta ameshakaa mbele ya mlango.

Daktari alisoma majibu ya maabara. "Kipimo hiki kinaitwa AMH," akasema. "Kinakadiria akiba ya mayai iliyobaki. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, yanapungua kadiri umri unavyokwenda. Hakuna chakula kinachoyaongeza."

"Hata ya kienyeji?" akauliza mama mkwe.

"Hata ya kienyeji, mama. Yamempa nguvu tu." Akanigeukia. "Akiba yako imepungua kiasi, haijaisha. Na kipimo hiki hakisemi kama utazaa au hutazaa. Kuna wenye akiba ndogo wanaozaa, na wenye akiba kubwa wanaohangaika. Mimi ninachoshangaa ni kingine. Hedhi imekatika, maziwa yanatoka, kichwa kinauma. Homoni ya maziwa, prolaktini, nani amekupima?"

Hakuna.

Akatueleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa homoni hiyo. Ikitoa nyingi kupita kiasi, mwili unaamini unanyonyesha, na yai halitoki.

Ramadhani akafikiri. "Yaani tangi lina dizeli, ila pampu imezimwa."

"Hapo umefika, bwana," daktari akasema.

Akaniuliza kama nameza dawa yoyote, maana zipo zinazopandisha homoni hiyo. Sikuwa na dawa. Akataka nipimwe mimba tena, na tezi ya shingo, na homoni zinazoamuru mayai yakomae. Kwa prolaktini alisema nitulie kwanza, kwa sababu wasiwasi nao unaipandisha. Mama Hadija akajitolea kunituliza. Alinisimulia habari za mwanamke wa Nabuyonga aliyetolewa damu akazirai, akaangukia ndoo, akavunja meno. Muuguzi akamhamishia benchi la nje. Akaendelea kupitia dirishani.

Prolaktini ilikuwa juu sana. Wakarudia siku nyingine, mama mkwe akiwa nyumbani. Bado ilikuwa juu.

Nikapelekwa Kampala kupigwa picha ya kichwa, kwenye ile mashine kama handaki. Mhudumu akauliza, "Una chuma chochote mwilini?" Nikasema hapana. Akaniomba nijipapase. Nikatoa pini kwenye ukosi. Nikatoa nyingine kwenye mkono wa gauni. Nyingine tatu zilikuwa kwenye pindo. Mtu anayeshona mapazia hajijui. Yule mhudumu akasogeza kibakuli, akasema polepole, "Endelea, mama."

Majibu yalisomwa Mbale. Daktari alisema, "Kuna uvimbe mdogo kwenye ile tezi."

Jamani, hapo hapakuwa na kichekesho. Uvimbe, kichwani. Ramadhani alinishika kifundo cha mkono kama anayeshika usukani. Mama mkwe alivuta kiti karibu na daktari. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mtamfungua kichwa?"

"Hapana, mama. Si saratani. Uvimbe wa aina hii mara nyingi husinyaa kwa vidonge."

"Vidonge tu?"

"Vidonge, mara mbili kwa wiki."

Mama Hadija akaanza kulia. Mimi nikambembeleza, na mgonjwa nilikuwa mimi.

Vidonge vilinipa kizunguzungu na kichefuchefu. Siku ya kwanza nilitapika, na jirani yangu aliyesikia akanipongeza kupitia dirishani. Daktari akanifundisha nimeze na chakula, wakati wa kulala. Nikazoea. Maziwa yakapungua, yakakauka. Kichwa kikatulia. Miayo ikaisha, na Ramadhani akaanza kurudi mapema kutoka gereji.

Asubuhi moja niliamka na maumivu ya tumbo niliyoyajua zamani. Nikaenda chooni, nikaona damu. Nilikaa pale natabasamu kama mjinga. Nikampigia Ramadhani. "Imekuja."

"Ya kushoto au ya kulia?" akauliza. Alikuwa chini ya lori, anasubiri springi kutoka Nairobi.

Nikamfafanulia. Kisha nikasikia anawaambia wenzake waizime injini, anaongea na mke wake.

Sasa naona macho yenu. Mnatafuta mtoto. Hayupo. Prolaktini imeshuka, picha ya pili imeonyesha uvimbe umesinyaa, hedhi inakuja, na bado nahudhuria kwa daktari. Ramadhani naye amepimwa, kwa sababu daktari alisema watoto hawatengenezwi na mtu mmoja. Tunajaribu. Akiba yangu ni ndogo, nimeambiwa nisikawie sana, nasi hatukawii.

Baadhi yenu mliniambia nisubiri kwanza nizae ndipo nije kushuhudia. Nimekataa. Niliumwa, nimepona. Nisubiri ushuhuda gani tena?

Nawashukuru daktari, mume wangu, na mama mkwe aliyeleta mayai. Nanyi dada zangu, hedhi ikikatika na huna mimba, nenda hospitali. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi, nenda, wala usione aibu ya kusema. Ukiambiwa mayai ni machache, usivunjike, uliza wamepima nini kingine. Na nenda na mume.

Mwezi uliopita walikuja wageni wa ukoo kwa Mama Hadija. Shangazi mmoja akanipima tumbo kwa macho, akamuuliza, "Huyu mkwe wako vipi, bado tu?"

Mama Hadija hakuacha kumimina chai. "Tulikuwa tunamuuguza," akasema. "Amepona. Wewe goti lako linaendeleaje?"