Bi Vidole Achagua Kibodi

Miaka thelathini na moja Bi Vidole alipiga chapa ofisini bila kutazama vidole vyake, na jina hilo wakubwa zake walimpa kwa heshima, si kwa utani. Alipostaafu, umoja wa wakazi wa jengo lao la ghorofa ukamfanya mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Mwaka wa tisa sasa anaandika kwa kalamu, na hakuna ugomvi wa bomba wala wa ngazi alioshindwa kuumaliza kwa kufungua daftari na kusoma nani alisema nini.

Akaja Katibu mpya, kijana mwenye haraka zake. Kuanzia kikao kijacho, alisema, kumbukumbu zitaonekana ukutani kwa projekta huku zinaandikwa, na asiye na kompyuta ya kubeba ampishe mwenzake. Mpwa wake wa ghorofa ya pili alikuwa tayari na laptopu yake. Bi Vidole akaelewa, maana hakuzaliwa jana. Kiti kile alikipenda, na hakuwa na nia ya kukiachia.

Kompyuta yake ilikuwa ya mezani, nzito, na yeye anakaa ghorofa ya nne. Lakini kabatini kulikuwa na kimashine cha gemu cha binti yake, fundi umeme wa melini: kioo katikati, vitufe pande zote mbili. Akampigia simu kumuuliza kama kinafaa.

"Mama, ndani ya hicho kuna kompyuta nzima," binti akamwambia. "Kinakosa vya kukizunguka tu. Ila chagua mwenyewe, usichaguliwe."

Muuza duka alipokiona kile kimashine akamletea mama wa watu usukani wa gemu na spika za masikioni zinazowaka taa. Bi Vidole akavisogeza pembeni kwa adabu, akaomba kibodi. Ya kwanza ilikuwa ya mpira, inakunjwa kama mkeka. Alifumba macho, akapiga mstari mmoja, akafumbua: herufi zimevurugika, matope matupu. Ya pili ilikunjika katikati, na palepale penye mkunjo ndipo kidole chake cha shahada kilipozoea kutua. Ya tatu ilikuwa nene, mbaya kwa sura, imekaa juu ya rafu mpaka imejaa vumbi. Alipapasa herufi F na J, akavikuta vile vinundu viwili vinavyomwambia mchapaji mikono yake iko wapi. Akafumba macho tena, akaandika: Kikao kilifunguliwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, wajumbe thelathini na tisa wakiwapo. Hakukosea hata nukta. Muuza duka akamwita mwenzake aje kuona, akamwomba arudie.

Kipanya alikikataa. Mkono ukiondoka kwenye herufi, alisema, maneno ya watu yanapita. Kimashine kilikuwa na tundu moja tu, kwa hiyo alihitaji hab, kile kiboksi kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Aliyopewa kwanza haikuwa na pa kuingizia chaji. Muuza duka akamtuliza kwamba betri inakaa saa mbili. Bi Vidole akamjibu kuwa kwenye vikao vyao saa mbili ni za kubishania tangi la maji peke yake, bado takataka. Akaletewa nyingine.

Zikabaki nyaya, mbili zinazofanana kama pacha. Hapo wengi huumia, kwa sababu waya mmoja hupitisha chaji na picha, na mwenzake chaji tu. Bi Vidole hakukubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alitaka kila kitu kiunganishwe palepale mezani, na waya wa kwanza ulipoiacha skrini ya dukani nyeusi, aliurudisha bila kelele. Alitoka na mfuko mmoja mdogo, kichwa juu, na alistahili.

Siku ya kikao Katibu alivitazama vile vitufe, akacheka ukumbi mzima usikie.

"Mama, tumekuja kikaoni, wewe unatuletea mchezo?"

"Mcheza kwao hutunzwa," akasema Bi Vidole, akachomeka waya. Ukuta ukawaka.

Watu walibishana, naye akaandika, maneno yakitokea ukutani kabla msemaji hajakaa. Ilipofika hoja ya geti la nyuma, Katibu akasema haraka haraka kwamba imeazimiwa lifungwe. Ukutani pakatokea: Katibu alipendekeza geti lifungwe.

"Nimesema imeazimiwa," Katibu akasahihisha.

"Kuazimia ni kwa wajumbe, mwanangu. Mikono haijanyooshwa."

Ilipohesabiwa, ilikuwa mikono minne. Geti likabaki wazi, na wanaolitumia wakapumua.

Mwishoni mwenyekiti alisema hakuna haja ya kuzunguka mbuyu: Bi Vidole aendelee, au ampishe mpwa wa Katibu? Mikono ya kumtaka aendelee ikanyooka safu kwa safu, na wa mpwa mwenyewe ukiwamo. Mwenyekiti akamwambia aandike "kwa kauli moja," wakale chakula. Bi Vidole alijisikia fahari. Lakini alikuwa amehesabu.

Akaandika: Imeazimiwa mwandishi aendelee. Wajumbe thelathini na wanane waliafiki, mmoja hakunyoosha mkono.

Ukumbi ukausoma ukuta, kisha ukageuka kumtafuta huyo mmoja. Katibu naye alisoma. Alisoma mara ya pili, polepole, kama mtu anayekagua hesabu aliyodhani ina kosa, na haikuwa na kosa. Akanyoosha mkono.

Bi Vidole akafuta sentensi ya pili, akaandika: kwa kauli moja.