Mtani Aliyesimama Mbali

Hezekia hakuwa na ndugu hata mmoja Kimamba. Aliletwa kutoka Tabora na treni ya manamba, vibarua wa mkataba, akiwa kijana, akakata mkonge mpaka viganja vikawa vigumu kama ngozi ya ngoma, na alipotakiwa kurudi kwao hakurudi. Ukimuuliza sababu alicheka tu. Sababu sisi tuliijua: alikuwa Mnyamwezi, na hapa palikuwa na Wasagara, watani zake. Mtu mwenye watani hakosi pa kula.

Wasiojua utani wanadhani ni matusi tu. Matusi yalikuwapo, na mengi. Mwanakheri, mke wa Mrisho, alimwita mpagazi mbele za watu na kumuuliza leo kabebeshwa mzigo wa nani. Hezekia naye akiingia uani kwao alijichukulia jogoo bila kuomba, akisema Wasagara wote ni wezi wa kuku na yeye anarudisha mali yake. Lakini mtu akifa, mtani ndiye aliyechimba kaburi na kuwachekesha wafiwa wasije wakafa nao kwa majonzi. Kazi hiyo Hezekia aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na nimeona misiba mingi.

Miaka michache baada ya Uhuru, Mrisho alirudi safari akiwa na homa kali na mgongo unaomuuma. Akaanza kutoka madoa mekundu, watu wakasema ni surua ya ukubwani. Hakufika hata wiki. Tukamzika siku ile ile kama dini yake inavyotaka, na jioni uani kukajaa watu wa matanga, mikeka imegusana, kila anayeingia anampa mfiwa mkono.

Hezekia akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu. Ndivyo afanyavyo mtani, anamvaa marehemu na kumuigiza. Mrisho alikuwa na mtindo wa kusalimiana kwa mikono miwili, akung'ang'anie mpaka uchoke. Basi Hezekia akatuzungukia mmoja mmoja, anashika mikono yetu miwili, anatuinamia usoni, "Habari za nyumbani? Za mke? Za mbuzi?" kwa sauti ya Mrisho hasa. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mwanakheri alicheka huku machozi yanamtoka. Na Sikudhani, kitinda mimba wake, alipolinusa koti la baba yake akaingia mzima ndani ya lile koti, akamkumbatia Hezekia kiunoni, akakataa kutoka. Hezekia akamzungusha uani wakiwa wawili ndani ya koti moja.

Wiki ya pili Hezekia akaanguka kwa homa. Wakafuatia waliokaa naye karibu usiku ule wa matanga, akiwamo Sikudhani.

Bwana Gabrieli, mganga msaidizi aliyetumwa kutoka Kilosa, alimtazama Hezekia uso na viganja, akatoka nje akavua kofia. "Hii ni ndui," akasema. Akatuchanja sote mkononi, wanaolia na wanaokimbia. Halafu akatukusanya, lakini alitutaka tukae mbalimbali, jambo lililotuudhi.

"Ndui haitembei yenyewe," alisema. "Mgonjwa anakupulizia karibu, au unavaa nguo yake, au unalalia mkeka wake. Mkikaa mbali na wagonjwa na ninyi kwa ninyi, itakosa pa kwenda. Hakuna matanga. Hakuna kupeana mikono. Hakuna kutembeleana."

"Sasa tukifiwa?" mtu akauliza.

"Mtalilia nyumbani."

Watu walimwona hana utu. Mimi mwenyewe nilimtukana, ingawa kimoyomoyo. Hata hivyo tukafanya alivyosema, maana woga ulikuwa umetuingia. Wagonjwa wakapelekwa kwenye ghala bovu la mkonge nje ya kambi yetu ya wakata mkonge, wakitunzwa na mzee mmoja wa Mvumi aliyeugua ndui utotoni, kwa kuwa haimpati mtu mara mbili. Njiani ukachorwa mstari wa majivu. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe penye majivu, mleta chakula akirudi nyuma ndipo mzee alikuja kukichukua. Koti la Mrisho likachomwa moto. Hezekia aliomba alichome mwenyewe, akiwa hawezi hata kusimama vizuri.

Yeye mwili wake ulikuwa mgumu, akapata nafuu kabla ya wengine. Lakini alikuwa bado ana magamba, na Bwana Gabrieli alisema hatoki mpaka gamba la mwisho lidondoke. Basi akamsaidia mzee kazi. Sikudhani akawa mtoto wake, akimlisha uji kwa kijiko cha mti. Mwanakheri alikuja kwenye majivu kila siku na kupaza sauti, naye Hezekia alisimama mlangoni na kumjibu. Leo kanywa uji. Leo kaulizia mbuzi wake. Leo amelala sana.

Siku moja hakusubiri kuitwa. Alitoka ghalani akaja hadi karibu na majivu, akasimama, mikono kaiweka nyuma. Mwanakheri alielewa, akapiga yowe, akavuka mstari.

"Rudi!" Hezekia akafoka. "Rudi, una wengine nyumbani!"

Yule mama akasimama. Mmoja angenyoosha mkono, wangefikiana. Hezekia mikono kaifunga nyuma mmoja kwa mwingine kama mtu aliyekamatwa. Mwanakheri akarudi nyuma polepole mpaka akauvuka tena ule mstari, akakaa chini kwenye vumbi.

Hezekia na yule mzee ndio waliomzika mtoto. Mzee alisoma dua. Sisi tulisimama ng'ambo ya shamba, mmoja huku na mwingine kule, hakuna wa kumshika mama mkono. Hakukuwa na mzaha hata mmoja. Sijawahi kuona msiba mbaya kama ule, na ukweli wa kuudhi ni kwamba baada ya msiba ule hakuumwa mtu mwingine. Ndui ilikosa pa kwenda, kama alivyosema Bwana Gabrieli.

Hezekia alirudi kambini uso umejaa makovu. Hapo ndipo upweke wake ulipoanza hasa. Hakuna aliyemfukuza. Nasema wazi, hakuna. Watu walimpa heshima, na heshima ile ilinikera kuliko kufukuzwa. "Pole, Bwana Hezekia." "Habari za kazi, Bwana Hezekia." Mpagazi alikuwa amekufa. Misibani alikuja, kwa kuwa mtani haachi msiba, lakini alisimama mwisho wa uwanja mikono nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Majogoo ya Wasagara yalizeeka bila kuibwa.

Wakati wa vijiji vya ujamaa tulihamishiwa wote mahali pamoja, nyumba zimepangwa mistari. Kwa bahati kiwanja chake kikapakana na cha Mwanakheri. Asubuhi kila mmoja akifagia mbele ya mlango wake, mama alisema, "Habari za asubuhi, Bwana Hezekia," naye alijibu, "Nzuri, mama." Halafu wanafagia. Miaka yote ile, hayo tu. Niliwahi kumuuliza Hezekia kwa nini yeye asianze, amwibie hata kifaranga.

"Siwezi," akasema. "Akinitukana tena nitajua nimerudi. Lakini wa kunitukana ni yeye. Mimi nangoja."

Alingoja mpaka kifua kilipomuua, kikohozi cha vumbi la mkonge. Balozi wetu wa nyumba kumi, Cleopa, akahangaika. Jeneza lilikuwa limefungwa, kaburi limechimbwa na vijana wa shamba la kijiji, tumekaa uwanjani tunatazamana kwa adabu. Hapakuwa na Mnyamwezi mwenzake wa kumlilia, wala Msagara aliyethubutu kuifanya kazi ya mtani.

Mwanakheri akainuka akaingia nyumbani kwa marehemu. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kaki la Hezekia, mikono yake inapwaya hadi magotini. Hakutuangalia. Alitembea mpaka mwisho kabisa wa uwanja, akasimama peke yake, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande. Alikuwa Hezekia mtupu. Tukaanza kucheka, kisha kicheko kikatukwama.

"Rudi!" akafoka kwa sauti ya Hezekia. "Rudi, una wengine nyumbani!"

Walioijua sauti ile waliinamisha vichwa. Halafu akatuzungukia mmoja mmoja, anatushika mikono miwili, na alipofika penye jeneza akalipiga kofi.

"Mpagazi mjinga wewe," akasema huku analia. "Kuku wangu wote wale, miaka yote ile, ulikuwa unangoja nini?"