Kila Mwanamke na Sentensi Yake

Soksi ya mtoto, ya kijivu, ndiyo inayozuia upepo. Bi Kinasa anaivisha kwenye kinasa sauti, anaketi juu ya ndoo aliyoipindua na kukisogeza karibu na mkulima aliyeinama kwenye tuta.

"Wewe endelea kulima tu, baba," anamwambia. "Mimi nasikiliza."

Jembe linasikika. Kikohozi kinasikika. Maneno yanakuja baadaye, kidogokidogo: barabara imekatika tangu mvua zilizopita, na gari la mbegu halifiki tena.

Mama huyu wa watoto watatu ni mwandishi wa redio ndogo inayorusha matangazo kutoka chumba kimoja kilichokuwa ghala la mbegu. Kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili zisitoe mwangwi. Posho yake inaishia kwenye mafuta ya pikipiki, kwa hiyo jioni bado anashona nguo, kazi aliyoifanya miaka kumi na moja kabla ya kushika kinasa sauti.

Anasema cherehani ndiyo iliyomfundisha kuhoji. "Mtu ukishamzungushia futi kiunoni hana pa kwenda. Ataongea tu."

Lakini miaka miwili iliyopita nusura aiache redio.

Katika kijiji alikoolewa kuna bomba moja la maji. Aliyeshika ufunguo wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Kila asubuhi aliwafungulia kwanza wafyatua matofali, wakajaza mapipa yao, na wanawake walipofika bomba lilikuwa linatoa matone. Mwanamke mmoja, Mama Pacha, alikubali kulisema hilo redioni bila kujitaja.

Jina halikutajwa, ila sauti yake nzito, yenye kukwaruza, haina mwenzake pale kijijini. Kesho yake shemeji alimwambia bomba halina maji ya watu wa redio. Tangu siku hiyo Mama Pacha akawa anateremka bondeni kuchota kwenye dimbwi, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono.

Bi Kinasa aliyasikia hayo kwa mumewe wakati wa chakula. Akasukuma sahani pembeni, akaenda kuomba radhi. Alimkuta Mama Pacha anafua, na hakuacha kufua.

"Wewe ulirudi kituoni na mashine yako," alimjibu. "Mimi nikabaki hapa na sauti yangu."

Bi Kinasa akarudi nyumbani. Kwa miezi kadhaa hakurekodi mtu yeyote kijijini hapo, na mkuu wa kituo alishaanza kutafuta wa kumrithi.

Aliyemrudisha kazini ni Mama Pacha mwenyewe. Alifika barazani kwake na wenzake, kila mmoja na gauni la kutia kiraka mkononi, ili anayewaona adhani wamefuata fundi. Walikuwa wameshakubaliana. Habari ingekuwa ileile ya bomba, ila safari hii kila mwanamke angesema sentensi moja, anapoishia mwenzake apokee. Atakayetaka kumnyima maji msemaji, awanyime wote.

Walirekodi palepale, katikati ya vipande vya vitambaa. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyesahau sentensi yake. Alisafisha koo, akasema: "Na mimi ni hivyohivyo, mwanangu."

Bibi huyo ni mama mzazi wa mshika ufunguo, na ni mama mkwe wa Bi Kinasa.

"Nilimuuliza kama nikikate kipande hicho," anakumbuka. "Akaniambia, usiguse."

Habari ilipokwisha kurushwa, kijiji kiliitisha mkutano. Ufunguo ulichukuliwa, na sasa unazunguka nyumba kwa nyumba. Wafyatua matofali huchota mchana, wanawake wakishamaliza.

Shemeji alikaa muda mrefu bila kukanyaga nyumbani kwa kaka yake. Siku hizi huja, hunywa chai, huzungumza na kaka yake tu. Bi Kinasa aliwahi kumpa nafasi ya kujibu redioni, akakataa. Alipotafutwa na gazeti hili, alisema hana la kuongeza.

"Salamu zake hunifikia kupitia kwa mume wangu," anasema Bi Kinasa. "Si kitu. Zinafika."

Kituo kina vinasa sauti viwili tu. Anaomba vingine vitatu, viachwe vijijini mikononi mwa wenyeji, ili habari isimsubiri yeye na pikipiki yake. Mama Pacha ameshaanza kujifunza kwake. Juzi alimhoji muuguzi wa zahanati na kumuuliza maswali ambayo mwalimu wake anasema asingethubutu kuyauliza.

"Natamani siku moja niwe nimekaa kwangu nashona," anasema Bi Kinasa, "redio iko wazi, nisikie habari ya kijiji changu mwenyewe ambayo sikuwa naijua."