Nilivyofungua Valvu ya Wodi ya Wazee

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Ilikuwa kwenye kiwanda cha chai, milimani juu ya Muheza. Fundi Mkuu wa pale, mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa na kikohozi cha vumbi la chai, alinisimamisha mbele ya ndoo ya maji akaniambia nitie mkono.

"Nyuzi ngapi?" akauliza.

Nikakisia thelathini na nane. Akatumbukiza kipimajoto: arobaini na tisa. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Msambaa wewe, umeshika jembe tangu hujaota meno. Kiganja kimekufa ganzi. Kuanzia leo maji hupimi kwa mkono, unapima kwa hiki."

Nilikaa naye miaka minne. Nilijifunza boila ya kuni, mabomba ya mvuke, na kufunga maungio kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi. Siku hizi naona vijana wanazungusha mkanda mweupe wa plastiki halafu wanamwachia Mungu. Haya, wenyewe mnajua.

Kutoka huko nilihamia nyumba moja ya wageni mjini Lushoto. Meneja wake, mama mkali asiyejua kuongea bila kufoka, alitaka maji moto saa zote na lawama zote ziwe zangu. Kisha nikaajiriwa hospitali. Sitaitaja, kwa sababu ubaya nitakaousimulia ni wangu na si wa hospitali. Pale nilikabidhiwa boila, tanki, na valvu za kuchanganya maji, nikadumu nazo mpaka nilipostaafu.

Nieleze kidogo, maana wengi mnaifunga valvu hiyo bila kujua kazi yake. Maji ya tanki la moto lazima yakae kwenye nyuzi sitini hivi, la sivyo vijidudu vinazaliana humo. Lakini maji ya sitini yanababua ngozi kwa sekunde chache. Kwa hiyo kabla hayajafika bombani yanapitishwa kwenye valvu yenye midomo mitatu: wa moto, wa baridi na wa kutolea. Ndani mna kikopo kidogo cha nta. Nta ikipata joto inavimba na kusukuma pistoni, nayo pistoni inabana mdomo wa moto na kuachia wa baridi. Ikipoa, nta inasinyaa. Chini ya kofia ya valvu kuna skrubu ya kuchagua nyuzi. Wodi ya wazee niliiweka arobaini na moja, na amri ilikuwa isizidi hapo.

Kila mwezi nilisafisha machujio, maana masika huku kwetu yanaleta udongo mwekundu mpaka ndani ya bomba. Nilifunga maji baridi ghafla kuona kama valvu itakata moto yenyewe. Mwisho nilipima na kuandika nyuzi kwenye daftari. Daftari lile nililishika mimi peke yangu, na Msimamizi wa Majengo alilitia saini huku akiongea na simu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika.

Mwalimu Yusufu ndiye aliyenifundisha kusoma, darasa la kwanza. Uzeeni alilazwa wodi ile kwa ugonjwa wa sukari. Alikuwa akihudumiwa na Rehema, binti wa kijiji cha Magamba juu ya mji, mhudumu wa wodi, mchapakazi asiyependa maneno mengi. Kila alasiri Rehema alimchotea Mwalimu maji ya bomba la moto kwenye beseni, naye akakaa kitandani miguu imo ndani, akisoma gazeti la juzi. Ulikuwa mwezi wa saba. Mnaijua baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba, ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba.

Nilikuja kusafisha chujio nikamkuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hivi ndiyo kazi niliyokusomeshea? Maji haya ni ya kuoshea vichanga. Miguu yangu haipati joto hata kidogo."

Nilimweleza habari za valvu na amri ya nyuzi. Akanitazama juu ya miwani, vilevile alivyokuwa akinitazama nilipokosea ubaoni.

"Nakuomba mimi. Au unataka nimwombe nani?"

Kwetu mzee akikuomba kwa namna hiyo, huna pa kutokea. Na huyu hakuwa mzee tu, alikuwa mwalimu wangu. Nilikwenda kwenye kijichumba cha mabomba, nikafungua kofia, nikazungusha skrubu mpaka kipimajoto kikasoma hamsini na moja. Halafu nikachukua daftari nikaandika arobaini na moja.

Nilijua ninachofanya. Maji ya hamsini hayakurushi mkono. Unayaona matamu kabisa, hasa siku ya baridi, huku yanaipika ngozi polepole, dakika tano, dakika kumi. Nilijiambia Mwalimu si mtoto, yakimzidi atatoa miguu. Nisichokijua ni kwamba sukari ilishamwua hisia za miguu. Ndiyo maana hakulisikia joto la maji yale ya kwanza, na hata ningemletea yaliyochemka asingelisikia. Hilo nilielezwa na Muuguzi Mkuu baadaye. Laiti ningemwuliza kabla! Fundi bomba naye anajiona daktari.

Siku ya pili yake, alasiri, nilisikia kelele za wauguzi. Rehema alikuwa amechota maji kama kawaida, ameyagusa kwa mkono wake, mkono wa mkulima kama wangu, ameyaona mazuri. Alipokuja kumfuta Mwalimu miguu, ngozi ilibaki kwenye taulo.

Nilikimbia. Lakini sikukimbilia kwa mgonjwa. Nilikimbilia kijichumba cha mabomba, nikarudisha skrubu ilikokuwa, nikafunga kofia. Msimamizi wa Majengo alipofika na Muuguzi Mkuu kupima bomba, kipimajoto kilisema arobaini na moja. Wakafungua daftari. Arobaini na moja, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wangu mzuri niliofundishwa na Mwalimu mwenyewe.

"Kuna birika kwenye chumba cha wauguzi," Msimamizi akamwambia Rehema. "Uliongeza maji ya birika."

"Sikuongeza, baba."

"Basi haya ya kuunguza yametoka wapi? Yameteremka mbinguni?"

Muuguzi Mkuu, mama mwenye haki, akanigeukia. "Fundi, valvu yako inaweza kupitisha maji ya kumchoma mtu?"

Nafasi ndiyo hiyo, niliulizwa waziwazi mbele yao wote. Rehema ananiangalia, ana matumaini na mimi.

"Haiwezi, Muuguzi Mkuu," nikajibu.

Rehema alifukuzwa wiki ile. Jina lake likaenea mjini mpaka kijijini kwao, kwamba ni yule aliyemchoma mzee. Mguu wa kulia wa Mwalimu ulioza ukakatwa. Nilipokwenda kumwona aliniuliza, "Nilikuomba ufungue. Ulifungua?" Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu, niliogopa amri." Akatikisa kichwa. "Basi ni yule binti." Alifariki kabla ya vuli, akiamini hivyo.

Mimi nikapandishwa cheo nikawa Fundi Mkuu. Nilifundisha vijana wengi, na nilikuwa mkali kwao kuhusu daftari. Nilipoagwa, Msimamizi mpya alisema mbele ya watu kwamba miaka yangu yote hakuna mgonjwa aliyeunguzwa na valvu niliyoitunza. Watu wakapiga makofi. Nilikula pilau la watu kwa aibu.

Kustaafu kubaya, jamani. Ukiwa kazini una chujio la kusafisha. Nyumbani huna la kushika, unabaki na wewe mwenyewe. Miezi mitatu niliivumilia, wa nne nikapanda Magamba.

Rehema nilimkuta anapanga miche ya miti kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Ni mama mtu mzima sasa. Aliniamkia, akanipa kigoda, akaniletea chai. Nikamwambia yote, nisibakize: skrubu, daftari, mbio zangu, jibu langu kwa Muuguzi Mkuu.

Alichukua mche mmoja akaukung'uta udongo.

"Kwa hiyo sikuongeza," akasema.

"Hukuongeza."

"Mwanzo nilijua sikuongeza. Lakini waliniuliza na kuniuliza, na kila mtu kijijini akaniuliza, mpaka na mimi nikaanza kusema labda niliongeza nikasahau." Akauweka mche chini. "Baba, nina watoto watatu. Wote nimewaogesha maji ya baridi, hapa Magamba, na baridi hii unayoiona. Vichanga! Mama mkwe aliniita mchawi. Niliuogopa mkono wangu."

Nilimwomba msamaha. Lo, maneno yenyewe yalikuwa madogo.

"Hilo sijui," akasema. "Labda siku nyingine. Lakini usije ukaniambia mimi peke yangu chai ikiisha ukaenda zako. Mwalimu ameshakufa, na mama mkwe naye ameshakufa. Waliobaki waandikie. Tena uandike na jina langu, maana huko walinitaja kwa jina."

Jina lake ni Rehema. Maji ya beseni yalitoka bombani, kama alivyosema.