Vibaba Ishirini na Vinne vya Unga

Mizani naichukia mpaka leo, na anayenicheka na acheke. Enzi za Mdachi mume wangu alishikwa kwa kukosa zamu ya kujenga boma. Alikuwa na kidonda mguuni, hata kusimama kwa shida, lakini nani atasikia? Nikaambiwa: keshokutwa, kabla jua halijafika utosini, lete frasila moja ya unga umchukue mtu wako. Usipoleta, atapelekwa na wenzake kubeba mizigo njia ya Moshi. Kwa mguu ule!

Sisi huku mlimani tulipima kwa kibaba, ratli tulizisikia tu. Nikachukua kibaba kimoja cha mahindi mpaka kwa mwenye duka, mtu wa pwani, akakipima: ratli moja na nusu. Frasila ni ratli thelathini na tano, akasema, basi vibaba ishirini na vinne vinatosha na kuzidi. Nikarudi mbio nimefurahi, mjinga mimi.

Tukasaga, mimi na mama mkwe, mpaka viganja vikachubuka. Kwetu unga unaotoka nje ya nyumba hauendi na pumba, ni aibu. Mama mkwe akauchekecha mara mbili, ukawa mwepesi, mweupe. Nikapima vibaba ishirini na vinne vya mfuto, nikifuta juu kwa kidole. Uliobaki nikawapikia watoto uji, pumba tukawamwagia kuku.

Asubuhi ya siku yenyewe, bomani, askari akautundika unga kwenye mizani. Mkono ukakataa kushuka.

"Umepungua ratli saba."

"Bwana askari, ni vibaba ishirini na vinne! Pima mwenyewe!"

"Mama, mizani haijui kibaba."

Ndipo nikaelewa, jamani. Nilipimiwa mahindi, nikaleta unga. Kibaba ni kilekile, lakini unga uliochekechwa umejaa hewa. Mume wangu alikuwa ameketi chini ukutani, ananiangalia. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikapanda mlima nikilia kwa sauti, bila haya. Zile pumba! Kuku wamemla mume wangu, nilikuwa nasema peke yangu njiani.

Nyumbani hakukuwa na kitu ila mahindi ya mbegu, yananing'inia juu ya moto. Mama mkwe akayashusha mwenyewe.

"Mwanangu kwanza," akasema. "Mbegu Mungu anajua."

Safari hii hatukuchekecha. Lakini jiwe ni jiwe, ukiliharakisha halisagi.

Nilipofika bomani jua lilikuwa limeshapinda. Askari akautundika unga wangu, pumba na yote, pamoja na ule wa asubuhi. Mkono ukashuka.

"Sasa umetimia," akasema, akaumimina wote guniani.

"Na mume wangu?"

Akanyoosha kidole njia ya Moshi, kisha akainama kufunga gunia.