Mwenyekiti wa Walevi wa Kawe

Msije mkaniambia wazee wa zamani walikunywa kwa sababu hawakutaka kuacha. Babu yangu mzaa mama, Gregori, alitaka. Kilichomponza ni uraia mwema.

Mwaka 1974 alikuwa anachonga mpingo kwenye kibanda Mabibo, yeye na wenzake waliotoka kusini. Pale kulikuwa na kata moja ya pombe, inazunguka tangu asubuhi. Ukiikataa, maana yake unamwambia aliyekupa kwamba katia sumu. Babu alijaribu kukataa mara moja, mwenzake akamnunia mwezi mzima. Akawa anakunywa ili apatane na watu, halafu kwa sababu kazoea, halafu basi tu.

Bibi yangu Bernadeta akabeba mtoto, yaani mama yangu, akaenda kwa kaka yake shambani Madale. Alichomwambia babu mlangoni ni hiki: "Siku ukinionesha watu unaokaa nao ambao hawanywi, narudi. Ukiwa peke yako sikuamini."

Wiki ileile babu akajikata kidole kwa tezo, pombe iko kichwani. Nesi wa zahanati, Genoveva, alikuwa anamshona huku anaongea chinichini. "Kaka, mie nilikuwa mlevi kuliko wewe. Jumamosi saa kumi tunakutana Kawe, stoo ya nyuma ya kanisa. Tuko watano. Hatuulizani majina, hatuandiki kitu."

Babu akafurahi. Kisha akafanya kitu ambacho kila mtu alifanyaga siku hizo akienda mtaa usio wake: akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kuomba barua. Bila barua ya balozi huandikishi mtoto shule, hulali ugenini. Angeingiaje kwenye kikao cha watu wasiomjua?

Balozi wao, mzee Shomari, alimsikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Walevi wana mkutano? Wanajadili nini, komoni imechacha au haijachacha?"

"Wa kuacha, mzee wangu."

"Mwenyekiti nani?"

"Hawana."

"Ndugu Gregori, hata wachawi wana mwenyekiti." Akachukua kalamu. Aliandika hivi: *Mleta barua hii ni mwananchi wangu, mlevi, anaomba kuhudhuria mkutano wa walevi wenzake. Mpokeeni.* Chini akaongeza: *Nakala, tawi la Chama, Kawe.*

Jumamosi babu akaingia stoo, akaamkia, akatoa barua kwa mikono miwili. Mwalimu mmoja wa makamo akaipokea, akaisoma, akaisoma tena.

"Hii imepita wapi?"

"Kwa balozi, mwalimu. Nilitaka nijulikane."

"Sie tunakuja hapa tusijulikane," mwalimu akasema. "Mie nina wanafunzi mia na ishirini."

Genoveva akaangalia pembeni. Lakini hawakumfukuza, na hilo ndilo lililomuumiza babu maisha yake yote. Walimpa kiti, wakamwachia aongee, akaeleza habari ya kata tangu mwanzo. Hakuna aliyemcheka. Alirudi nyumbani akalala bila kunywa. Kesho yake akahamishia kazi uani kwake, akatuma neno Madale: nimepata watu, njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi uwaone.

Jumamosi iliyofuata walimkuta katibu wa tawi kakaa stoo, daftari mezani. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu.

"Chama hakiwakatazi kuacha pombe, ndugu zangu. Ni jambo la maendeleo. Tunataka orodha tu. Jina, kazi, balozi wako. Tutaibandika tawini, wananchi wawape moyo."

Mwalimu akasema yeye anamsubiri padri, akatoka. Genoveva akajifunga kanga vizuri, akatoka. Wale wengine watatu hata mlangoni hawakufika. Walichungulia dirishani wakaendelea na safari. Babu peke yake ndiye aliyeshika kalamu, maana alilelewa hivyo: serikali ikiuliza jina, unasema. Akaandika namba moja. Katibu akasubiri namba mbili, haikuja.

"Basi wewe ndo mwenyekiti," akasema, akafunga daftari.

Mwisho wa mwezi Bernadeta alikuja kwa miguu kutoka Madale, mtoto mgongoni. Akamkuta mumewe kakaa stoo, shati limepigwa pasi, viti vitano mbele yake vitupu.

"Watu wako wako wapi?"

"Waliondoka."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Mie ndo mwenyekiti."

Bibi kaniambia haya mwenyewe, anachambua mchele, macho kwenye ungo. Anasema alimsogelea babu, akamnusa mdomo. Haukunuka kitu. Angenuka angemwelewa, anasema. Mtu mzima, hajanywa, anakuita njia yote ile kuja kukuonesha viti na kukwambia yeye mwenyekiti, huyo kakudanganya kwa akili zake timamu. Akamgeuza mtoto, akamfunga vizuri mgongoni, akarudi Madale kabla jua halijashuka.

Jumatatu babu akarudi kibandani. Kata ikamfikia, akaipokea kwa mikono miwili.